Kivinje, Kilwa Inayopitwa

Mtu akitaja Kilwa, fikra za wasikilizaji huvuka maji mara moja zikaenda Kisiwani. Si ajabu. Huko ndiko uliko Msikiti Mkuu wenye kuba zake, ndiko lilikojengwa kasri la Husuni Kubwa juu ya jabali linalotazama bahari, na ndiko alikoshukia Ibn Battuta mwaka 1331, akamkuta sultani aliyesifika kwa ukarimu hata akaitwa Abu al-Mawahib. Tangu mwaka 1981 magofu hayo, pamoja na yale ya Songo Mnara, yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kwa hiyo mgeni anayetoka Dar es Salaam akifika njia panda ya Nangurukuru huelekea Masoko, akashughulikia kibali, akapanda mashua kwenda Kisiwani, akapiga picha, akarudi. Kivinje ameiacha njiani, kilomita chache tu kutoka barabara ile ile aliyoipita, na mara nyingi hata hana habari.

Aliyoipita ndiyo Kilwa iliyo karibu naye zaidi. Kisiwani ni Kilwa ya masultani, ya dhahabu ya Sofala na vyungu vya kutoka China. Utukufu wake ulikwisha kufifia karne nyingi kabla ya mtu yeyote tunayeweza kumtaja kwa jina katika koo zetu. Kivinje ni Kilwa ya babu wa babu zetu: wapagazi, watumwa, manahodha, wachuuzi wa Kihindi, maakida, waasi na walionyongwa. Kama kuna mji mmoja mdogo ambamo historia ya kusini mwa Tanzania kwa karne moja nzima ilipita mlangoni, ni huu. Na kama kuna mji ambao tumeuacha uozee chumvini huku tukiandika vipeperushi vya utalii kuhusu jirani yake, ni huu pia.

Kuzaliwa kwake kulitokana na kudhoofika kwa Kisiwani. Wareno waliivamia Kisiwani mwaka 1505, wakajenga ngome, na ingawa hawakukaa muda mrefu, biashara ya zamani haikurudi kama ilivyokuwa. Katika karne ya 18 kisiwa kilipata nguvu mpya, lakini kwa bidhaa nyingine. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice aliandikiana mkataba na sultani wa Kilwa wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya mashamba ya visiwa ambavyo leo ni Mauritius na Réunion. Muda si mrefu Waomani wakaweka mkono wao juu ya Kilwa, na ushuru ukaanza kwenda upande wao. Sultani wa mwisho wa Kisiwani alichukuliwa katika miaka ya 1840 akapelekwa Maskati, na huko habari zake zikaishia.

Wakati huo wafanyabiashara walikuwa tayari wamehamia bara. Hesabu yao ilikuwa nyepesi. Misafara ilitoka upande wa Ziwa Nyasa, ikikatiza nchi ya Wayao na Wangindo, na ilifika pwani kwa miguu. Hakuna haja ya kumvusha mtu na pembe yake hadi kisiwani ilhali chombo kinaweza kumfuata bara. Kivinje, kama kilomita 30 kaskazini mwa Masoko, ikawa ndiyo tamati ya njia.

Ajabu ni kwamba bandari yake ni mbovu. Ufuko wa Kivinje ni tambarare, una tope, na mikoko imeuzunguka pande mbili. Maji yakijaa, mashua huja mpaka karibu na nyumba. Yakitoka, bahari hurudi nyuma masafa marefu na vyombo vyote hulala ubavu juu ya matope vikingoja. Meli kubwa haiwezi kusogea. Watu wa mipango wangesema hapa si mahali pa bandari, na baadaye ndivyo walivyosema. Lakini kwa biashara ya jahazi kasoro hiyo ilikuwa na faida zake. Jahazi halihitaji gati. Linahitaji bamvua na baharia anayejua saa ya kuondoka. Na manowari ya Waingereza iliyokuwa ikisaka vyombo vya watumwa haikuweza kuingia pale ambapo jahazi liliweza.

Mahitaji yalitoka Unguja na Pemba. Karafuu zilikuwa zimepandwa kwa wingi tangu enzi ya Sultani Seyyid Said, na mikarafuu inataka mikono. Mmisionari Krapf alipopita kwa chombo katika pwani hii mwaka 1850 alielezwa kwamba watumwa kati ya 10,000 na 12,000 walipitia Kilwa kila mwaka. Mwanzoni mwa 1859 msafiri wa Kiingereza Burton naye alifika, akaukuta mji umo katika kipindupindu na watu wanakufa kila siku. Kisha zikaja hesabu za forodha zenyewe, na hizo si uvumi wa wasafiri. Kati ya 1862 na 1867 watumwa 97,203 waliandikwa kupita forodhani Kilwa: 76,703 walipelekwa Unguja, waliobaki 20,500 wakaenda kwingineko.

Tarakimu hizo nazirudia mara nyingi kwa sababu zinaonyesha kitu ambacho simulizi za huzuni peke yake hazionyeshi. Kulikuwa na karani. Kulikuwa na meza, wino, daftari na kiwango cha ushuru kwa kila kichwa. Forodha ya pwani yote ilikodishwa kwa tajiri wa Kihindi aliyekaa Unguja, na kwa miaka mingi ilikuwa mikononi mwa nyumba ya Jairam Shivji. Karani wa Kilwa alimhesabia mwenye nyumba hiyo, naye alimlipa Sultani kwa mkataba. Watoto waliotekwa milimani kando ya Nyasa waliingia katika vitabu hivyo wakiwa mali yenye kodi, katika orodha moja na pembe za ndovu na sandarusi. Na hao ndio waliofika. Waliofia njiani hawakuandikwa popote.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja na kupiga marufuku kuwasafirisha baharini. Kivinje haikufunga duka. Misafara ikageuza njia, ikawa inapanda kaskazini kwa nchi kavu, ikivuka Rufiji kuelekea Pangani na kwingineko, ambako mtumwa aliweza kuvushwa kwa kificho usiku mmoja hadi Pemba. Afisa wa Kiingereza aitwaye Elton alitembea njia hiyo mwishoni mwa mwaka huo na mwanzoni mwa 1874, na katika muda wa kama mwezi mmoja alihesabu watumwa zaidi ya 4,000 waliopita mbele ya macho yake. Ndipo mwaka 1876 Barghash akatoa amri nyingine, ya kukataza misafara ya watumwa hata ya bara. Biashara ikapungua, ingawa haikufa siku ile. Mpira wa mwituni, nta, mtama na ufuta vikaanza kujaza nafasi. Ufuta mpaka leo haujaondoka. Ukipita Kilwa msimu wa mavuno utauona umesimamishwa mashambani kwa mafungu, unakauka.

Wakazi wengi wa Kivinje na vijiji vyake ni wajukuu wa pande zote mbili za daftari lile. Wapo ambao ukoo wao ulikuja na msafara ukiwa umefungwa minyororo, na wapo ambao ukoo wao ulishika ncha ya mnyororo. Wameoana, wamezikana, wameswali safu moja kwa vizazi vitano au sita. Mgeni mwenye busara hafiki na kuanza kuuliza nani ni nani.

Agosti 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilitua katika miji ya mwambao na mkataba ilioafikiana na Sultani Khalifa, ikatundika bendera yake na kutaka ushuru. Pwani nzima ikawaka. Kaskazini, Abushiri bin Salim na Bwana Heri ndio waliobeba jina la vita. Kusini watu hawakungoja kiongozi mmoja. Kampuni ilikuwa imeweka Kivinje mawakala wake wawili, Krieger na Hessel. Mwezi Septemba watu wa mjini na wa bara wakawapa muda wa kuondoka. Hawakuondoka. Nyumba yao ikazingirwa, wakauawa wote wawili. Kwa mwaka mmoja na nusu uliofuata hakukuwa na Mjerumani Kilwa. Kamanda wa Kijerumani, Wissmann, alifika na manowari na askari wa kukodi Mei 1890, akaupiga mji kwa mizinga ndipo akashuka. Baadaye Wajerumani waliwajengea watu wao wawili mnara wa kumbukumbu, nao bado upo mjini, mfupi, wa mawe, ukiwa umesimama miongoni mwa watoto wanaocheza mpira. Serikali tatu zimepita tangu hapo na hakuna aliyejisumbua kuubomoa, jambo ambalo kwa maoni yangu ni jema. Mnara wa adui nao ni ushahidi.

Baada ya vita hivyo lilijengwa Boma, jengo la ghorofa lenye kuta nene likitazama maji, na Kivinje ikawa makao ya wilaya. Hapo ndipo hadithi ya Hassan bin Omari, aliyejulikana zaidi kwa jina la Makunganya, inapoingia. Alikuwa mkubwa mwenye nguvu upande wa bara ya Kilwa. Alikataa kodi, alikataa kuitwa bomani, na mwaka 1894 watu wake wakauvamia mji wenyewe na kulishambulia Boma. Walishindwa. Mwaka uliofuata Wissmann, sasa akiwa gavana, aliandaa kikosi kikamfuata Makunganya hadi porini, naye akakamatwa Novemba 1895. Katika makazi yake zilikutwa barua, na barua hizo ziliwataja watu wenye heshima wa Kivinje waliokuwa wakimwandikia na kumsaidia kwa siri huku mchana wakiwaamkia Wajerumani barazani. Makunganya akanyongwa, na baadhi ya hao wenye heshima wakanyongwa pamoja naye.

Mtu huyu anastahili kuandikwa vizuri kuliko tulivyomwandika. Vitabu vyetu vya shule humpa sentensi moja, au havimtaji kabisa, katika orodha ya mashujaa waliopinga ukoloni. Lakini alikuwa pia mtu wa misafara, na misafara ya zama zake haikutengana na utumwa. Walioinuka naye walikuwa na sababu mbalimbali: mmoja alitetea uhuru wake, mwingine alitetea kodi ambayo zamani aliitoza yeye. Kuyasema haya hakumpunguzii ushujaa. Kunamrudisha kuwa mtu wa Kivinje, mji ambao tangu mwanzo hakuna aliyeishi humo kwa mikono safi.

Walionyongwa walitundikwa kwenye mwembe, na mahali hapo panaitwa Mwembekinyonga hadi leo. Kuna ukumbusho. Hospitali ya wilaya, iliyo hapo hapo Kivinje, nayo inaitwa Kinyonga. Wagonjwa hutoka vijijini, mama wajawazito hupelekwa kujifungulia pale, na jina limekwisha zoeleka hata hakuna anayeshtuka. Wageni ndio hushtuka.

Miaka kumi baada ya Makunganya, milima ya Matumbi nyuma ya Kivinje ikawasha moto mkubwa zaidi. Serikali ya Gavana von Götzen ilikuwa imeamuru mashamba ya pamba ya vijiji, watu wakalimishwa chini ya viboko vya maakida na malipo yakawa senti chache. Kule Ngarambe, Kinjikitile Ngwale alikuwa akigawa maji ya dawa na habari kwamba watu wote ni wamoja. Mwishoni mwa Julai 1905 watu wa Nandete waling'oa pamba. Siku chache baadaye Samanga, bandari ndogo ya kaskazini mwa Kivinje, ilishambuliwa. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile alinyongwa Mohoro, lakini maji yalikuwa yamekwisha vuka vilima na mito. Vita vilienea hadi Ungoni, vikaendelea mpaka 1907, na njaa iliyotengenezwa kwa makusudi na jeshi la Wajerumani ikaua watu wengi kuliko risasi. Makadirio ya wanahistoria huanzia watu 75,000 na kufika 300,000.

Kivinje katika vita hivyo ilikuwa upande wa Boma. Ilikuwa ghala la risasi, mahali pa kuteremshia askari wa majini, mahali pa kuletea mateka. Wamatumbi wanakumbuka hivyo. Gilbert Gwassa, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyekusanya masimulizi ya wazee waliopigana, alitupatia sauti ya milimani. Tamthilia ya Ebrahim Hussein, *Kinjeketile*, ya mwaka 1969, ikaipeleka sauti hiyo madarasani Tanzania na Kenya. Sauti ya mjini, ya yule mwenye duka aliyesimama kibarazani akitazama wafungwa wakipitishwa, haijapata mwandishi wake.

Septemba 1916 Waingereza walifika, na Boma likabadili bendera. Mapigano makali yalihamia Kibata, huko huko Matumbi, kuanzia Desemba. Mji wenyewe haukuharibiwa sana. Ulichokuja kuharibiwa nacho ni ramani. Utawala wa Kiingereza ulitaka bandari yenye kina, na kina kiko Masoko, upande wa pili wa mlango bahari wa Kisiwani. Katikati ya karne iliyopita ofisi za wilaya zilihamia huko. Karani akahama, hakimu akahama, wenye maduka ya Kihindi wakaanza kuhama, wengine Masoko, wengine Lindi, wengi Dar es Salaam, na baadaye sana wengine Uingereza na Canada. Nyumba hazihami.

Ndiyo maana ukiingia Kivinje leo unakutana na mtaa mkuu ambao ni mpana kuliko shughuli zake. Nyumba za ghorofa za mawe ya matumbawe na chokaa zimepangana pande zote mbili. Nyingine zina roshani za mbao zilizobaki nusu, nyingine zina milango ya nakshi, nyingine ni ukuta wa mbele tu na mpapai umeota sebuleni. Chini ya roshani kuna fundi cherehani, kuna Mpemba mwenye duka la sukari na sabuni, kuna kijana anayetengeneza simu. Ukitaka kujua nyumba ilikuwa ya nani, kaa kibarazani, amkia, ngoja. Mzee atakayeitikia *marahaba* atakuambia ilikuwa ya fulani, aliuza korosho na ufuta, watoto wake wako ng'ambo, kodi haijulikani analipwa nani. Barabara hiyo ina thamani kwa mtu anayependa majengo kuliko jengo moja lililotengenezwa vizuri, kwa sababu unaona hatua zote za kuharibika kwa wakati mmoja: dari linaanza, kisha boriti za mikoko, kisha chokaa, halafu mvua inaingia na jiwe linabaki peke yake.

Boma nalo liko katika hali hiyo hiyo. Ni jengo kubwa, kubwa kuliko mji ulivyo sasa, na bado lina sura ya amri. Mizizi imeingia kwenye nyufa za kuta. Usipande ghorofani hata ukiambiwa na mtoto kwamba yeye hupanda kila siku.

Toka hapo teremka ufukweni, na uchague saa. Watalii wengi hufika adhuhuri maji yakiwa nje, wakaona tope na harufu, wakaondoka wakisema hakuna kitu. Alfajiri ndiyo saa yake, hasa siku za giza, mwezi ukiwa umefichama, kwa kuwa ndizo siku za dagaa. Vyombo huondoka jioni vikiwa na taa; zamani zilikuwa karabai, sasa ni taa za betri na sola. Dagaa hufuata mwanga, nyavu huzungushwa, na kabla ya jua kuchomoza mashua hurudi zimezama hadi karibu na mdomo. Wachukuzi huingia majini mpaka kifuani na ndoo vichwani. Dalali yuko tayari mchangani, anapiga mnada kwa sauti ambayo mgeni hawezi kuifuata, na kabla hujajua nani amenunua, ndoo zimekwisha ondoka.

Kutoka hapo kazi ni ya kina mama zaidi. Dagaa huchemshwa katika maji ya chumvi kwenye masufuria makubwa, kisha huanikwa juani kwenye vichanja. Wakikauka hufungwa magunia, na dagaa wa pwani hii husafiri mbali, hadi kwa wanunuzi wa Kongo. Ni njia ndefu inayokwenda bara, safari hii ikibeba chakula. Samaki wakubwa, changu, chewa, kolekole na nguru, huenda Dar es Salaam kwenye barafu. Pweza huchukuliwa na wanunuzi wa viwanda. Wanaobaki mjini hukaangwa papo hapo, na sijui chakula cha asubuhi cha Tanzania kinachozidi kibua cha moto, muhogo wa kuchemsha na pilipili ya ndimu vikiliwa kwenye benchi ya mama lishe karibu na vyombo.

Pembeni kidogo, juu ya alama ya maji kujaa, mafundi hujenga na kukarabati mashua. Shoka, tezo, keekee, pamba ya kuziba nyufa na mafuta: vifaa ni vile vile vya babu zao, ila misumari sasa ni ya dukani na kando ya mlingoti kuna mahali pa mashine. Hawana mchoro. Taruma huchaguliwa kwa jicho kutokana na mti uliopinda wenyewe. Fundi hakatai kutazamwa. Anachokataa ni kupigwa picha bila kuombwa, na nani asiyekataa?

Uvuvi huu umepata majeraha. Kwa miaka mingi Kilwa ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi na uvuvi wa mabomu, ambao huua samaki mdogo na mkubwa na kuvunja matumbawe yanayochukua miongo kuota tena. Kati ya 2016 na 2018 hivi operesheni za serikali, zikisaidiwa na vikundi vya ulinzi wa bahari vya vijiji, zilipunguza milipuko kwa kiasi kikubwa. Nyavu haramu bado zipo; mtu mwenye njaa na kokoro la macho madogo hashindwi na bango. Kwa upande mwingine kuna fedha mpya: Septemba 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la bandari ya uvuvi Kilwa Masoko, ya kuhudumia meli kubwa za bahari kuu. Watu wa Kivinje wanaitazama kwa tamaa na wasiwasi. Bandari nyingine, tena Masoko.

Anayetaka kuzunguka zaidi asiharakishe. Upande wa bara, Nandete ina mnara wa ukumbusho wa Majimaji, na barabara ya Kipatimu inapanda milima ya Matumbi yenye mapango makubwa ya chokaa. Lijulikanalo zaidi ni Nang'oma, ambamo watu walijificha wakati wa vita. Nenda na mwenyeji, waone kwanza viongozi wa kijiji, uvae viatu vya kufunga. Upande wa bahari kuna visiwa vya Songosongo, ambako gesi asilia inatoka kuelekea Dar es Salaam tangu 2004, na ambako wavuvi wa pweza huyajua mapango ya mwambani kama mtu ajuavyo milango ya mtaa wake. Kisiwani na Songo Mnara, bila shaka, usiziache. UNESCO iliziweka katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004 na kuzitoa 2014 baada ya kuta kukarabatiwa na mikoko kupandwa kuzuia mmomonyoko. Hilo linaonyesha kwamba kazi ikitakiwa kufanyika, hufanyika.

Kufika si shida tena. Kabla ya daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Rufiji ilivukwa kwa pantoni, na masika yalikata kusini na nchi nyingine kwa wiki nzima. Sasa basi la asubuhi kutoka Dar es Salaam linakufikisha Nangurukuru mchana, na bodaboda inakuingiza mjini. Angalia tu habari za mvua: Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, mafuriko yalikata barabara eneo la Somanga na magari yakakwama siku kadhaa. Juni hadi Oktoba ni salama zaidi, na kusi hupunguza joto. Malazi mengi yako Masoko. Kivinje ina nyumba za wageni za kawaida, safi za kutosha kwa asiyetafuta kiyoyozi. Ni mji wa Kiislamu, basi kina dada na kina kaka wavae kwa staha, na mwezi wa Ramadhani usile hadharani mchana.

Ombi langu kwa Halmashauri ya Wilaya ya Kilwa na kwa wanaosimamia mambo ya kale ni dogo kuliko yale ambayo huandikwa kwenye mipango mikakati. Boma liezekwe kabla ya jengo lingine lolote, hata kwa bati, kwa sababu ukuta wenye paa unaweza kungoja fedha na ukuta usio na paa haungoji. Kisha Mwembekinyonga, mnara wa Krieger na Hessel, na mtaa wa maduka viwekewe vibao kwa Kiswahili, vyenye majina na miaka. Na kabla ya vyote hivyo wazee wanaojua nyumba ipi ilikuwa ya nani waandikwe, maana hao hawapo katika bajeti ya mwaka ujao. Kazi hiyo haihitaji mfadhili. Inahitaji daftari, simu yenye kinasa sauti, na mwalimu mmoja wa historia wa sekondari aliye tayari kuwatoa wanafunzi wake darasani siku za Ijumaa baada ya swala.